Tafiti za Bugando zinatuhusu nini sisi wa Kigoma?

Mkuu, umeuliza tafiti za Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, zina faida gani kwetu Kigoma, ikiwa Maweni, hospitali yetu ya mkoa, kazi yao ni kutupa rufaa ya Mwanza tu. Zinatuhusu sana, ila si zote kwa uzito mmoja.

Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watafiti wa Bugando walichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokusanywa kupima VVU kwa watoto wachanga, wakayapima tena. Kaskazini magharibi mwa nchi, karibu mtoto 1 kati ya 5 alibeba vinasaba vya selimundu bila kuumwa, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Hapo hawakusubiri mgonjwa apande basi, ndiyo maana nauamini utafiti huo.

Tafiti nyingine nyingi zimefanyika wodini. Mtoto wa Kasulu anayefika Bugando ni yule aliyezidiwa, nauli ikapatikana, na njiani hakufa. Ukichukua asilimia za wodi ile ukasema ndiyo hali ya Kasulu, umepotea.

Kuzipata si kazi, nyingi ziko bure mtandaoni. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, nao wana jarida lao, Tanzania Journal of Health Research. Usikisahau kituo chao cha Tabora, waliojikita kwenye malale, maana mbung'o wa mapori yetu hasubiri rufaa. Takwimu zikikusumbua, bandika muhtasari wa utafiti hapa tuutazame.