Maswali na majibu: tisa zisizokoma, maji ya moto na spidomita

Mwalimu anasema 0.999... ni ndogo kidogo kuliko 1. Mimi nasema ni sawa. Nani mkweli? (Kidato cha pili, Morogoro)

Ni wewe, mwanangu. Mwombe kwa adabu akuandikie namba iliyo kati ya hizo mbili. Namba mbili zikitofautiana, wastani wake lazima ukae katikati, hapa hataupata. Kinachotatiza ni zile nukta tatu. Wengi huzisoma kama tisa nyingi mno, kumbe ni tisa zisizokoma. Ukizikata popote, hata baada ya tisa milioni moja, hapo mwalimu ana haki.

Eti maji ya moto huwahi kuganda kuliko ya baridi? Nimejaribu mara mbili: kwanza yaliwahi, kisha yakachelewa. (Fundi friji, Mombasa)

Umefanya la maana kwa kupima. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alihofia kukosa nafasi kwenye friza, akatia mchanganyiko wa maziwa na sukari ungali moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake, ambao haukuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakunyamaza, baadaye alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne, naye akapima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia bado wanabishana: vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 havikuliona jambo hilo.

Kwa hiyo rudia, ndugu yangu. Ujazo sawa, vyombo vya aina moja, na uvibadilishe nafasi kila mara, maana chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake kikashikana vizuri zaidi na ubaridi. Amua mapema kuganda ni nini: utando wa kwanza, au yote kuwa jiwe? Pima mara 10, andika dakika, kisha niletee.

Nikikwama, niulizeje nipate msaada? (Mwanafunzi, Dodoma)

Andika hatua zako zote mpaka mstari uliokushinda. “Sielewi fizikia” hakuna awezaye kulijibu.

Niliachia shule kidato cha pili. Nitaiweza kalkulasi? (Bodaboda, Kisumu)

Utaiweza, ila anza na aljebra, kisha grafu, hasa mteremko wa mstari. Pikipiki yako imekwisha kukuonyesha kiini chake. Spidomita husoma kasi ya sasa hivi. Pembeni yake zinajumlishwa kilomita. Kuipata kasi kutokana na kilomita ni nusu ya kalkulasi, na kuzipata kilomita kutokana na kasi ni nusu ya pili. Kesho andika kilomita zako kila baada ya dakika 5, uchore grafu. Pale ilipolala, ulikuwa kwenye foleni.