Maswali ya wasomaji: gemu za zamani na pedi inayotii kidole

Toleo hili tunajibu barua za wasomaji wa Mtwara na Lindi kuhusu mashine za gemu za miaka iliyopita, zile za kuunganisha kwenye TV na zile za kushika mkononi.

Ndugu mjibu maswali, salaam. Ninayo PS2 niliyoachiwa na kaka yangu, pamoja na diski ya gemu ya mpira, PES 6. Tangu TV yetu ya chogo ilipokufa na tukanunua TV bapa, gemu imekuwa nzito. Nabonyeza kitufe cha mraba ili nipige shuti, mchezaji anakawia mpaka beki anamfikia. Vijana wa mtaani wananiambia kwamba gemu yenyewe imeshapitwa na wakati. Je, ni kweli? — Msomaji, Mikindani

Si kweli, ndugu yangu, na ningependa uwaeleze vijana hao sababu yake. TV ya chogo huchora picha mstari kwa mstari, papo hapo inapoipokea kutoka kwenye mashine. TV bapa hupokea picha hiyohiyo, ikaunganisha mistari yake, ikaikuza ili ijaze skrini, ikarekebisha rangi, na ndipo ikaionyesha. Kazi hiyo huchukua muda, na katika TV nyingi bapa, hasa za bei nafuu, muda huo huzidi sehemu ya ishirini ya sekunde. Anayetazama taarifa ya habari hapotezi chochote, lakini anayesubiri krosi imfikie Adriano wa Inter Milan, ambaye Konami, watengenezaji wa PES, walimpa nguvu ya shuti ya 99 katika gemu hiyo ya mwaka 2006, anapoteza goli. Fungua menyu ya picha ya TV yako, utafute hali ya gemu na kuiwasha, kisha uzime kila kinachohusika na kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Ikishindikana, waulizie mafundi TV ya chogo iliyo nzima, na usione haya kuiweka sebuleni.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndilo kipimo ninachotumia kwa gemu zote za zamani: je, pedi inatii kidole? Picha huchakaa upesi, kwa kuwa kila baada ya miaka michache huja mashine yenye picha nzuri zaidi, lakini utii wa pedi hauchakai. Chukua Tekken 3, gemu ya kupigana iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998. Ukiitazama leo, mikono ya wapiganaji ina pembe kali na vidole vyao vimeshikana, lakini kila teke unaloliomba linatoka wakati uleule ulioliomba, na ukipigwa unajua kabisa kosa lilikuwa la nani. Ndiyo maana watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuicheza hadi usiku bila kuichoka. Sasa ilinganishe na Tomb Raider ya mwaka 1996, ambayo ilisifiwa mno wakati wake. Lara, mhusika unayemwongoza, hugeuka kama lori kwenye uchochoro, na ukimwamuru aruke huku anakimbia, hukamilisha kwanza hatua aliyokwisha kuianza. Wapo wanaoitetea kwa hoja kwamba ulimwengu wake wote umepangwa kwa miraba na kwamba mchezaji anatakiwa kuhesabu hatua kabla ya kuruka. Hoja hiyo naiheshimu, na mahekalu yake yamebuniwa kwa akili nyingi, lakini kwangu mimi gemu inayonilazimisha kubishana na mwili wa mhusika wangu imenipotezea nusu ya raha.

Kwa hiyo PES 6 yako ni nzima. Naiweka juu ya gemu nyingi za mpira zilizokuja baada yake, kwa sababu pasi ndani yake inafuata ulivyokaa mwili wa mchezaji, na ukimlazimisha mtu aliyegeuka upande kutoa pasi ya nyuma, mpira unaharibika kama unavyoharibika uwanjani.

Nina mashine ya kaseti yenye bunduki ya kupigia bata. Kwenye TV bapa haipigi hata bata mmoja, na nimeshabadilisha bunduki bila mafanikio. Tatizo ni nini? — Msomaji, Masasi

Bunduki zako huenda zote ni nzima. Katika Duck Hunt, gemu ya Nintendo ya mwaka 1984, bunduki haitumi kitu chochote kwenye TV, inapokea. Ukivuta kifyatulio, skrini huwa nyeusi kwa kitambo kidogo sana, kisha mraba mweupe hujitokeza pale alipo bata, na kijicho kilichomo ndani ya mdomo wa bunduki hutazama kama mwanga umetokea kwa wakati uliotarajiwa. TV bapa huuchelewesha mwanga huo, tena huutoa kwa namna ambayo kijicho hicho hakikutengenezwa kuitambua. Bila TV ya chogo, bunduki hiyo haina kazi.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Mjomba wangu anaisifu Super Mario Bros kila tunapokutana, lakini mimi naona ni gemu ya kitoto ya kwenda kulia tu. Watu wazima wanaisifu kwa ubora wake au kwa kuukumbuka utoto wao? — Msomaji, Lindi mjini

Marahaba, mwanangu. Kukumbuka utoto kumo, sikatai, lakini hebu kaa na mjomba wako mutazame sekunde chache za mwanzo tu.

Mario anasimama upande wa kushoto wa skrini, na upande wake wa kulia ni wazi, kwa hiyo bila kuambiwa unajua pa kwenda. Anakuja kiumbe mdogo wa kahawia mwenye uso wa hasira. Usiporuka unakufa, lakini unakuwa umepoteza sekunde chache tu za safari, na somo limekuingia. Ukiruka, huenda kichwa kikagonga tofali lenye alama ya kuuliza, na mojawapo ya matofali hayo linatoa uyoga. Uyoga huo unatembea kuelekea kulia, unaanguka chini, unagonga bomba la kijani, kisha unarudi ulipo wewe. Mchezaji mgeni, ambaye ametoka kuuawa na kiumbe mwenye umbo la uyoga, angependa kuukimbia, lakini matofali yaliyo juu ya kichwa chake yanamzuia kuruka vizuri, kwa hiyo mara nyingi uyoga unamgusa tu, naye anashangaa kuona amekuwa mkubwa badala ya kufa. Kwenye skrini hapana hata neno moja la maelezo. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu hiyo, na wenzake walikufundisha kwa mpangilio wa vitu peke yake, mwaka 1985, katika kaseti yenye kilobaiti 40, ukubwa ambao picha moja ya simu yako inaupita mara nyingi. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba wingu na kichaka ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi. Tazama vizuri utaliona.

Halafu shika pedi. Ukigusa kitufe kidogo Mario anaruka kidogo, ukikishikilia anaruka juu zaidi, na akiwa hewani bado unaweza kumrudisha nyuma. Ukishauzoea mruko huo, kidole chako kinajua urefu wake kabla ya jicho. Hapo hakuna utoto wowote.

Ila kuna sehemu ambayo siitetei. Ngome za hatua zinazoitwa 4-4 na 7-4 ni vichochoro vinavyokurudisha ulikotoka ukikosea njia, na gemu haikupi dalili yoyote kwamba umekosea wala ya njia iliyo sahihi. Gemu iliyokufundisha kwa uungwana namna ile pale mwanzo haikupaswa kukufanyia hivyo.

Ndugu, baada ya mauzo ya korosho nataka kujinunulia gemu ya mkononi ya mtumba, kwa ajili ya safari za basi za Dar es Salaam. Muuzaji wa Mtwara mjini ana Game Boy ya zamani, Game Gear, Game Boy Advance SP na PSP. Ninunue ipi? — Msomaji, Nachingwea

Game Gear iache. Sega waliitoa mwaka 1990 ikiwa na rangi na taa, mambo ambayo Game Boy ya mwaka 1989 haikuwa nayo, lakini ilikula betri 6 kwa saa 3 hadi 5, ilhali Game Boy ilikwenda saa 15 au zaidi kwa betri 4. Gunpei Yokoi wa Nintendo alichagua kwa makusudi vifaa vya bei ndogo vilivyokwisha kuzoeleka, na skrini yake ya vivuli vinne ilichekwa; hata hivyo Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Wanunuzi walipenda mashine inayowaka safari nzima.

PSP ina skrini nzuri kuliko zote hizo, lakini diski zake ndogo huchelewa kufunguka, na betri zake za zamani huvimba. Kwa safari yako mimi ningechukua Advance SP ya mwaka 2003: inachajiwa, ina taa, inakunjwa ikaingia mfukoni, na inapokea hata kaseti za Game Boy ya kwanza. Ukipata kaseti ya Tetris ndani ya bei, usiiache, kwa kuwa inakubali kukatizwa wakati wowote kondakta anapodai tiketi. Kaseti za Pokémon za kwanza nazo ni nzuri, ila hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo ya ndani, na ikiisha, safari yako yote ya mchezo inafutika.

Mashine iliyokaa Mtwara mjini imevuta hewa ya chumvi, kwa hiyo usilipe kabla ya kuikagua. Fungua kifuniko cha betri utazame vyuma. Ungaunga mweupe au wa kijani uliotokana na betri zilizovuja unasafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kwa spiriti. Meno ya kaseti nayo yasafishe kwa spiriti, wala usiyapulize kwa mdomo, kwani unyevu wa pumzi unaongeza kutu. Muombe muuzaji aiwashe, ujaribu kila kitufe, kimoja baada ya kingine, ndani ya gemu yenyewe. Kitufe kinachohitaji kubonyezwa kwa nguvu kinaweza kuwa ni uchafu tu wa kusafishwa, lakini ukikuta kutu imeshaingia kwenye bodi, irudishe.