Muulize Shangazi: Watoto wanapindua hadithi, bibi kanuna

*Shangazi shikamoo. Binti yangu ana miaka 5, kila usiku anataka hadithi ileile ya Sungura na Fisi, nikibadilisha hata neno moja analia. Na mimi nimechoka jamani. — Mama wa Morogoro*

Marahaba mwanangu. Msimulie hiyohiyo. Anaishika. Siku utamsikia anamsimulia mdoli wake na fisi kavalishwa kandambili, hapo ujue kaanza kupindua mwenyewe.

*Shikamoo Shangazi. Nafundisha darasa la nne huku Tanga, watoto 70 na ushee. Nimewaambia waandike upya kisa cha Kima na Papa, waibadilishe wanavyotaka. Aisee! Madaftari yamejaa bunduki, roboti, helikopta, kima ana pawa za kwenye katuni, na karibu zote zinaishia "wakafa wote". Nimekosea wapi? Afu bibi wa mwanafunzi mmoja kaja mpaka shuleni eti naharibu hadithi za wazee. — Mwalimu aliyechoka*

Marahaba, na pole kwa kusahihisha. Shida iko kwenye hilo "wanavyotaka". Mtoto ukimwambia hivyo anabadilisha vyote kwa mpigo na akishabadilisha vyote hakuna tena cha kupindua, imebaki fujo tu, ndo maana anaua watu wote apumzike.

Kwa waliosahau kisa: kima yuko juu ya mkuyu anakula kuyu, tawi limeinamia baharini, chini yuko papa anaomba naye atupiwe. Wakazoeana mpaka siku hiyo papa akamwambia panda mgongoni twende kwetu, nami nikukirimu. Katikati ya maji ndo anamtobolea siri, sultani wetu hajiwezi na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamwambia si ungesema mapema, sisi tukitembea mioyo tunaiacha mtini! Wakarudi kuufuata, kima akaruka juu akatulia. Papa kuita weee, ndo akasimuliwa ya punda wa dobi, yule aliyeponea chupuchupu kwa simba, sungura akamlaghai akarudi tena, akaliwa, maana hakuwa na moyo wala masikio.

Sasa siku ya kwanza asiandike mtu. Hadithi hadithi, hadithi njoo, wasimuliane kwa mdomo mpaka yule anayekaa nyuma kabisa aijue, kwa sababu watoto wengi siku hizi, wa mjini hasa, hiyo hadithi yenyewe hawajawahi kuisikia, hapo atapindua nini? Siku ya pili andika ubaoni swali moja tu. Je, kama papa ndo msimulizi? Au je, kama papa angesema siri yake wakiwa bado pwani? Kila mtoto anabadilisha hicho kimoja, na vinavyofuata vyote lazima vikubaliane nacho. Siri ikisemwa pwani kima hapandi mgongoni, na asipopanda hadithi inakwendaje? Hapo utawaona wanatafuna penseli, waache watafune.

Mjukuu wangu wa miaka 9 likizo iliyopita alichagua papa asimulie. Akaandika mstari na nusu akasimama, kimya kirefuuu, nikadhani kashachoka. Mara: "Bibi, kwani sultani alipona?" Miaka yote nasimulia kisa hiki sijawahi kuulizwa hilo! Kima akishafika mtini sisi tunacheka, mgonjwa tumemwacha huko huko baharini wala hatumkumbuki. Akarudi akaandika: "Kila siku nakula kuyu zake alafu nimetumwa nikamlete. Usiku sikulara." Nikamwambia usifute hata herufi, hiyo r na l tutagombana nayo kesho.

Bunduki usizipige marufuku, uliza tu: imetoka wapi, kainunua nani, mbona mwanzoni hukuitaja? Akijibu vizuri ibaki. Wengi hawajibu, wanaitoa wenyewe, wanakumbuka kima silaha yake ilikuwa ulimi. Na hao 70 wagawe watano watano, mmoja anaandika wenzake wanamtajia, utasahihisha madaftari 14 au 15 basi, ulale mapema.

Kuhusu bibi. Ungeweza kumwambia kisa chenyewe kimeshapinduliwa mara nyingi kabla hajazaliwa. Kule India katika Panchatantra, kitabu chao cha kale cha hadithi za wanyama, rafiki wa kima ni mamba. Kwenye Kalila wa Dimna, hadithi hizohizo alizozileta mfasiri Ibn al-Muqaffa kwenye Kiarabu karne ya 8, ni kobe, na anayemlaghai punda ni mbweha, ila huku kwetu sungura kashampokonya kazi. Wajapani nao wana yao, kinachotakiwa huko ni ini. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alipochapa hadithi za Zanzibar mwaka 1870, rafiki wa kima tayari alikuwa papa. Wazee wa pwani nao walibadilisha, mamba baharini angefanya nini?

Ila usimwambie hivyo, atakuona unajifanya msomi. Huyo bibi kasikia hadithi yake inasimuliwa yeye hajaitwa. Mwite Ijumaa, mpe kiti, aanze yeye, watoto wasome zao baadaye. Niliwahi kufanya hivyo nikiwa bado nafundisha, akaja bibi mmoja kajifunga khanga kiunoni, kakunja mikono, hatabasamu. Mtoto alipomaliza ile ya papa msimulizi akadakia, "Muongo huyo papa! Kafika kwao mikono mitupu, mbona hasemi sultani alimfanyaje?" Darasa zima likaangua kicheko, papa ana mikono? Bibi naye akacheka. Alafu wakaangaliana, kweli hakuna aliyeandika alichofanywa. Kengele ilishalia ya kwenda nyumbani, na wakafungua madaftari tena.