Majumba ya Makabaila: Nani Alibeba Maji?

Kasri la Lord Egerton pale Njoro ni la enzi ya Victoria? (Nakuru)

Hapana. Malkia Victoria alifariki 1901. Kasri lilianza kujengwa 1938.

"Sir" ni ngazi ya ngapi ya ulodi? (Morogoro)

Swali hili linarudi kila mara. Si ngazi ya ulodi hata kidogo. Ngazi ni tano, kuanzia juu: duki, makwesi, eli, vaikaunti, baroni. "Sir" ni wa naiti (heshima isiyorithiwa) au baroneti (heshima ya kurithiwa), nao si malodi. Tena hufuatwa na jina la kwanza. Mhandisi William Armstrong alipewa unaiti 1859 akaitwa Sir William, si Sir Armstrong. Alipofanywa baroni 1887 ndipo akawa Lord Armstrong. Waandishi wa riwaya, tafadhalini.

Majumba ya malodi wa Uingereza yalikuwa na vyumba vingi vile, mbona bafu zilikuwa adimu? (Mombasa)

Kwa sababu mikono ya watu ilikuwa rahisi kuliko mabomba. Beseni la kuogea liliwekwa chumbani mbele ya moto, maji yakapandishwa kwa ngazi za nyuma. Piga hesabu: wageni 20, kila mmoja makopo matatu ya nusu debe. Hayo ni makopo 60, kilo 600 za kupandisha kabla ya chakula cha jioni, na maji machafu yakateremshwa vilevile. Bado makaa ya mawe ya kila chumba, na majivu yake alfajiri.

Msiniambie ufundi haukuwepo. Cragside, nyumba ya Armstrong huyohuyo, ilikuwa na taa ya umeme wa maji 1878, na lifti ya nguvu ya maji. Wengi hawakuona haja, maana si wao waliopanda ngazi.

Mtumishi alijuaje kengele imepigwa chumba gani? (Arusha)

Kengele zilipangwa safu ukutani kwenye ujia wa watumishi, kila moja na jina la chumba chake. Ukivuta kamba chumbani, unavuta waya unaopita ndani ya kuta, ukigeuzwa kwenye kona kwa vipande vya chuma vyenye umbo la kiwiko. Kengele ilining'inia kwenye springi, na chini yake kining'inio kidogo (pendulamu) kilichoendelea kuyumba mlio ukishakwisha. Aliyechelewa kufika aliangalia kinachoyumba. Ubovu wake mkubwa ni waya kulegea: kiwiko hakisogei vya kutosha, kengele inabaki kimya, na aliyekaripiwa ni mtumishi.

Fedha za kujenga zilitoka wapi? (Zanzibar)

Jibu la "mashamba ya ukoo" halitoshi. Uliza mashamba ya wapi. Kasri la Penrhyn Castle huko Wales lilikuwa la ukoo wa Pennant, matajiri wa sukari ya Jamaica. Sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa ilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa wenye watumwa. George Hay Dawkins-Pennant, mwenye kasri hilo, alilipwa zaidi ya pauni 14,000 kwa watu 764. Watu wenyewe hawakulipwa hata senti.

Waongoza wageni hupenda kuonyesha pale kitanda cha sleti (jiwe la mabamba la kuezekea nyumba), uzito wa tani moja, kilichotengenezwa kwa ajili ya Victoria, naye akakataa kukilalia. Kitazameni, lakini ulizeni sleti ilichimbwa na nani. Machimbo yalikuwa ya ukoo huohuo, na wachimbaji wake waligoma kuanzia 1900 hadi 1903.