Jibu: Labrador anatokwa damu puani baada ya homa ya kupe

Mkuu, umesema mbwa wako hapo Muheza alipata nafuu kwa doksi (antibiotiki ya doxycycline) za siku 7, na sasa damu inamtoka puani akitoka kuwinda. Hakupona, dozi ilikatishwa. Ehrlichia, bakteria wa homa ya kupe, hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu, ndiyo maana dozi ni siku 28 hata kama siku ya tatu ameshaanza kutikisa mkia. Ni miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, yaani mbwa wa kilo 30 anameza vidonge 3 vya miligramu 100. Ale kwanza, la sivyo atatapika. Aspirini na diklofenaki usiguse kabisa, damu itazidi kuvuja.

Damu puani si ya kusubiri, mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe. Ufizi ukiwa mweupe na mkojo unafanana na chai ya rangi, huenda ana babesia pia, kimelea mwingine anayeletwa na kupe. Babesia doksi haiimalizi, inataka sindano ya dawa iitwayo imidokabu (imidocarb). Asikimbie mpaka damu ipimwe tena.

Kupe mtafute ndani ya masikio na katikati ya vidole. Banda pulizia nyufa za ukuta: kupe wa kahawia hutagia humo, si majanini tu kama wengi wanavyodhani.