Kasa anayeelea usimrudishe baharini

Ndugu uliyeuliza kama kasa anayeelea arudishwe baharini: hapana, kasa anayeelea bila kuweza kuzama usimsukume tena majini. Huyo ni mgonjwa. Mara nyingi ana hewa iliyonasa mwilini, labda kwa sababu amemeza plastiki au mapafu yameathirika, na asipoweza kuzama hawezi kujilisha wala kukwepa mashua. Ukimrudisha, atakufa polepole mbali na macho yako.

Mweke kivulini, mfunike gamba kwa kitambaa chenye maji, pua iwe wazi, usimlaze chali, kisha wapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kwa upande wa Watamu, pwani ya Kenya, kuna shirika la Local Ocean Conservation, walioanza mwaka 1997 wakilinda viota, na sasa wana kituo cha kuwatibu kasa. Mimi nimeyajua haya kwa wavuvi wa huku: kasa akinasa wavuni wanawapigia, nao wanakuja kumpima na kumpa mvuvi kitu kidogo cha usumbufu. Kwa kweli mpango huo naupenda sana, maana mvuvi ndiye anayemwona kasa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ila kasa aliyetoka wavuni akiwa na nguvu, anapiga mapezi na hana jeraha, huyo anaweza kuachiwa. Aliyelegea usimtupe majini hata kama anaonekana amekufa: muinue upande wa nyuma uwe juu kuliko kichwa, maji yatoke mapafuni, na umvumilie. Wengine huzinduka baada ya saa kadhaa.