Ukifiwa, dukani atumwe mwingine

Mimi sio mshauri wa mtu. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita shoga yangu kafiwa na baba yake, na siku ya pili tu nikamkuta sokoni na kikapu anabishania fungu la nyanya, macho yamevimba hivi, nikasema hapana, ngoja niyaseme yaliyonikuta maana hili nalijua vizuri.

Mama yangu alifariki mwanzoni mwa Februari 2024, kwetu Tanga. Anayeukumbuka mwezi ule anaikumbuka sukari. Mvua za El Niño zilikuwa zimepiga tangu mwisho wa 2023, mashamba ya miwa yamejaa maji, magari hayaingii kuvuna, viwanda vikazalisha kidogo na sukari ikaadimika nchi nzima. Januari Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, ya juu kabisa 3,200 kwa kilo, lakini hiyo ilikuwa ya redioni, mtaani kwetu ilikuwa 4,500 na ukimtajia mwenye duka bei ya redioni anakwambia basi nenda kanunue huko huko redioni.

Sasa msiba bila chai ni msiba gani. Watu wanakesha, asubuhi chai na maandazi, jioni chai tena, na bibi zetu wale chai yao nusu ni sukari. Siku ya pili asubuhi sukari ikaisha. Mimi ndo mkubwa, nikasema nijikaze niende mwenyewe, hapo ndo nilipokosea. Duka la kwanza hakuna, la pili anauza robo robo tu na kila mtu robo moja, la tatu kijana akasema ipo ila hawezi kuniuzia mpaka nichukue na majani ya chai na mche wa sabuni. Kwa nini? Ndo utaratibu dada. Jamani, nilimpigia yule mtoto kelele ambazo sijawahi kumpigia mtu, mbele za watu, mama yangu kafa we unaniletea mambo ya majani ya chai, halafu nguvu zikaniishia nikakaa kwenye kreti la soda nikaanza kulia, na kumbe tangu tuzike sikuwa nimelia hata tone. Kijana wa watu akaniletea maji, akanipimia kilo mbili bila majani ya chai wala sabuni. Chenji yangu mia tano akanipa pipi kumi. Hata siku ile hakuwa na chenji!

Kwahiyo mimi nasema hivi, mfiwa asitumwe dukani. Sio kwamba utashindwa kubeba, ni kwamba moyo uliofiwa hauna breki, utagombana na mtu asiyehusika au utalipa chochote unachoambiwa, nimeona yote mawili. Mtafute jirani au shemeji au rafiki, mtu anayekupenda ila analala usingizi usiku. Kwetu alikuwa jirani wa mama, alivyonisikia akanikalisha mkekani, akafunga kanga, akarudi baada ya saa moja na kilo kumi, kila kilo 3,600, na chenji yote noti. Mpe hela na mpe daftari pia. Rambirambi iandikwe, matumizi yaandikwe, hata viberiti, maana msiba ukishaisha maneno ndo yanaanza, sisi miezi mitatu baadaye mzee mmoja wa familia aliuliza kwa sauti kubwa hela ya maturubai na viti ilikwenda wapi, tukamfungulia ukurasa, akaomba maji ya kunywa.

Watani lakini ndo walitusaidia kupumua. Mmoja alilala kibarazani akasema hainuki mpaka aletewe chai, marehemu alikuwa mchoyo wa sukari, ameificha mahali, mtafute. Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Halafu habari. Tarehe 10 Februari, siku tunasoma hitma, simu zikaanza kulia huku na kule, Lowassa, waziri mkuu wa zamani, amefariki. Basi chini ya turubai la wanaume msiba ukahama, wakaenda Monduli jimboni kwake, wakaenda kashfa ya umeme ya Richmond, wakaenda uchaguzi wa 2015 alipogombea urais, mama yangu kaachwa peke yake. Nilikasirika kwakweli, niliona kama kaibiwa siku yake. Leo najua hawakuwa na ubaya, watu wamekaa siku tatu wanataka cha kuongea. Ila we uliyefiwa zima data, mpe mtu simu awe anapokea yeye, mambo ya dunia utayakuta tu na status za watu hazikimbii.

Ile ya tarehe 29 Februari sikuweza kuizima. Mzee Mwinyi, rais wetu wa pili, amefariki na miaka 98. Kila kituo kinaonyesha yeye mpaka alipozikwa Mangapwani kule Unguja tarehe 2 Machi, na mimi nimekaa mbele ya TV nalia kama nimefiwa upya, kwa sababu mama ndo alikuwa akitusimulia. Miaka ya themanini mwanzoni, vita vya Kagera vimekwisha na nchi haina kitu, foleni tangu alfajiri na ukifika mbele sukari imekwisha, wanafulia majani ya mpapai. 1983 ukaja ule msako wa wahujumu uchumi, ukikutwa na bidhaa umezificha unakamatwa, watu wakawa wanatupa vitu porini usiku. Halafu 1985 akaingia Mwinyi, bidhaa zikaruhusiwa kuingia, wakamwita Mzee Ruksa. Mama alikuwa akisema siku alipoona sabuni za aina tatu juu ya kaunta moja hakununua hata moja, alisimama akaziangalia tu.

Arobaini ikaangukia ndani ya Ramadhani, tukafanya futari (najua wapo wasioikubali arobaini, leo sio mada). Na nikarudia kosa lile lile, nikaagiza mwenyewe madera meupe kumi na mbili kwa muuzaji wa mtandaoni, wale wa bei njoo inbox. Nimelipa kwa simu, jina lililokuja kabla ya namba ya siri wala halifanani na jina la duka, nikaliona, nikabonyeza hivyo hivyo. Yalikuja ya rangi ya maziwa yaliyochacha, yana vipepeo. Kumpigia, kani-block. Jina likija tofauti acheni kubonyeza jamani, sekunde mbili tu hizo.

Na laini ya marehemu msiitupe, wala msianze kubahatisha namba yake ya siri. Hela iliyobaki humo na ile ya benki inatoka kwa njia ya mirathi, mtakaa kikao cha familia mchague msimamizi, mtafuata cheti cha kifo RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, mtaenda mahakamani. Inachosha ila inaisha.

Baada ya arobaini ndo tukafungua sanduku la mama kugawana kanga. Chini kabisa, ndani ya foronya iliyofungwa fundo, kilo tatu za sukari. Alikuwa amezinunua lini sijui, pengine aliposikia tu habari za Januari. Mdogo wangu akampigia yule mtani simu pale pale.

Mbili tulitengenezea kalimati. Moja bado ninayo Dar, imeganda kama jiwe, na kila tukiishiwa sukari mume wangu anaiangalia, ananiangalia, anachukua mia tano anaenda kwa mangi kununua robo ya robo.